Sahani ya Githeri

Mwanangu alikuwa na miaka sita aliposema, "Mimi sili kwao." Rafikiye alikuwa amesimama mlangoni, bado anatweta kwa mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, amekuja kumwita wakale. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu mbele ya mwenzake: "Kwani wewe chakula chao si huwa unakimwaga?"

Alisema kweli. Wiki chache nyuma jirani yetu, mzazi wa yule rafiki, mtu wa bara kutoka Nyeri, alituletea githeri, chakula cha kwao. Nikashukuru, nikafunga mlango, nikaimwaga. Sahani nikairudisha na mahamri ya moto, maana kwetu sahani hairudi tupu. Nikadhani ujirani umetimia. Mtoto alikuwa ameketi mkekani, ananiangalia.

Sikuwahi kumwambia kuwa wabara ni wabaya. Tunaishi Likoni, Mombasa. Nilikuwa msichana mdogo Agosti 1997 zilipozuka ghasia zile, watu wa bara wakauawa na kuchomewa nyumba, na wenzangu wa darasani wakavuka feri na magodoro yao wasirudi tena. Niliapa wanangu sitawalea kwa chuki. Kumbe nilikuwa nawafundisha kinyaa, tena bila kufungua mdomo.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, chunga mikono na uso wako kabla ya ulimi. Mtoto anaona unavyokumbatia mkoba kwenye matatu akiketi mtu fulani, unavyoshusha sauti ukitaja kabila la mtu, kikombe unachomtengea dada wa kazi. Hakuna anayemweleza maana yake. Anaiunga mwenyewe.

Kama kuna sababu ya dini, itaje wazi. Sisi ni Waislamu, nyama isiyo halali hatuli, na mtoto wa miaka sita ukimweleza hilo analielewa. Lakini githeri ni mahindi na maharagwe. Sababu sikuwa nayo.

Na usidhani kuwaacha watoto wacheze uani kunatosha. Wangu walikuwa wakicheza pamoja kila jioni. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki: watu wawe sawa, wawe na lengo wanaloshirikiana kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono. Mimi nilikuwa nikimpa yule mtoto nguo kuukuu za wanangu nikijiona mwema, na siku hata moja sijaingia kwao. Usawa uko wapi hapo? Na mwenye mamlaka, kwa mtoto wa miaka sita, ni mamake.

Jioni ile nilivaa buibui, nikawashika wote wawili mikono, tukaenda. Jirani alikuwa anapakua. Nilimwomba radhi, nikamweleza nilichofanya, maana mtoto wake alikwisha kusikia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Karibu, dada," akanisogezea kigoda na sahani.

Mwanangu alinitazama mdomo mpaka nilipomeza, ndipo naye akavuta sahani yake.