Mbizi ya Pili na Kibao cha Boti

Nimewaongoza wageni kuzamia Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, kwa miaka minane, kwa kawaida mbizi mbili kwa siku, na vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza kama jedwali la kuzamia, linaloonyesha dakika ambazo mtu anaweza kukaa katika kila kina, bado linaaminika wakati huu ambapo karibu kila mtu amevaa kompyuta ya kuzamia mkononi. Linaaminika, mradi lilishwe tarakimu za kweli, na tarakimu hizo aghalabu huharibika kati ya mbizi ya kwanza na ya pili, watu wakiwa juu ya boti wanakula mikate.

Siku moja mgeni wangu alimfuata kasa ukutani. Tulikuwa tumepanga mita 18, kipimo chake kikasoma 19. Katika jedwali la mwaka 1988 la PADI, shirika linalofundisha uzamiaji, mita 18 zina kikomo cha dakika 56, lakini 19 haimo, kwa hiyo husomwa 20, yenye dakika 45 tu. Yeye alikaa 43. Mwenzangu botini alikwisha andika 18 kwenye kibao cha kumbukumbu za mbizi, kisha akahesabu mapumziko tangu kundi la mwanzo lilipotoka majini, ilhali sisi tulitoka dakika 17 baadaye. Makosa yote mawili yalielemea upande mmoja, yaani naitrojeni, gesi ya hewani ambayo mwili huifyonza chini ya maji, ikawa chache kwenye kibao kuliko iliyokuwamo mwilini. Niliifuta hesabu mbele ya wageni, nao hawakufurahi kungoja.

Hatari nyingine ni kuchanganya majedwali. Hilo la 1988 huchukulia kwamba katika mapumziko naitrojeni iliyobaki hupungua kwa nusu kila dakika 60, na baada ya saa sita humhesabu mzamiaji kuwa mpya. Lile la zamani la jeshi la majini la Marekani lilitumia dakika 120, na likataka saa 12. Anayechukua herufi ya kundi lake, yaani ile inayoonyesha naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi, kutoka jedwali moja akaipeleka kwenye jingine hupata jibu lisilo na maana, ingawa limeandikwa kwa wino mzuri.

Wala jedwali halijui kwamba baada ya mbizi ya kwanza wewe ndiye uliyevuta nanga na kupanga mitungi juani bila kunywa maji. Kompyuta nayo, pamoja na kufuata kina chako kila wakati, haijui hilo. Bega langu la kushoto liliwahi kuniuma usiku kucha baada ya siku ya namna hiyo, nami nikajidanganya kuwa ni kazi ya nanga, ilhali maumivu kama hayo huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa wazamiaji unaoletwa na viputo vya naitrojeni mwilini; ningepaswa kuvuta oksijeni na kumpigia daktari papo hapo.

Sasa kila mzamiaji wangu huandika mwenyewe kina kirefu kabisa alichofikia na saa aliyotoka majini, kabla hajavua mtungi. Mbizi ya pili haizidi kina cha ya kwanza, kila mbizi humalizika kwa dakika tatu kwenye mita tano, na mgeni anayepanda ndege ya Dar es Salaam kesho yake hurudi pwani mapema, ili apate saa 18 kamili kabla ya kuruka.