Mayai yanayong'ang'ania ganda
Dada, hayo mayai yako ya kuchemsha yanayogoma kumenyeka, shida sio chumvi, ni mapya mno. Yai la jana ute wake unagandana na ile ngozi nyembamba ya ndani, likikaa wiki hivi hewa ukaa inatoka kupitia vitundu vya ganda na ute unaachia wenyewe. Halafu usianze na maji ya baridi, ngoja yachemke ndo uyatumbukize taratibu na kijiko, dakika 10 au 11, toa tia kwenye maji baridi kabisa mpaka yapoe. Mi nauza mayai na kachumbari stendi, trei nzima kwa siku, huwa nayagonga upande mnene pale penye hewa. Ila yakitoka friji moja kwa moja kuingia maji yanayochemka, mawili matatu yatapasuka.