Kabla hujaniomba msimbo, wimbi umeliona?

Juzi kijana mmoja anayesomea uhandisi wa vifaa tiba Dodoma kaniandikia: "Shikamoo kaka, naomba kodi zako za kuchambua presha ya ubongo." Nilicheka peke yangu kwenye basi. Kwa sekunde nilidhani mwenye nyumba kanifuata hadi Uingereza! Kumbe anataka misimbo ya kompyuta. Marahaba mdogo wangu. Ningekutumia usiku uleule, ila kuna aibu yangu moja sharti uisikie kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilipewa faili la mzee mwenye maji kwenye ubongo. Miguu kama imenata sakafuni, anasahau, mkojo haumsubiri: dalili tatu zilezile alizozieleza daktari Salomón Hakim wa Colombia mwaka 1965. Kihisio chembamba kilikaa ndani ya fuvu lake usiku kucha, kikisoma presha mara 100 kwa sekunde. Kwa saa 12 hizo ni namba 4,320,000. Laptopu yangu ya mtumba ikaanza kuunguruma kama jenereta, nami nikajifanya mjanja: nikachukua namba moja tu kwa kila dakika, nikabaki na 720. Wastani ukatoka milimita 11 za zebaki, na mtu mzima aliyelala kawaida yake ni 7 hadi 15. Nikasimama kikaoni kifua mbele: presha ya mzee haina shida.

Daktari mmoja wa makamo, miwani puani, akauliza, "Wimbi liko wapi?" Nikamwonyesha mchoro wangu. Akausogelea hadi pua ikataka kugusa kioo. "Hili si wimbi. Huu ni uzio." Mwenzangu mmoja akacheka, wala hakujificha. Kicheko kile bado nakisikia, sitadanganya.

Unajua nilichokuwa nimekitupa? Moyo ukipiga, presha ya ubongo nayo hupanda na kushuka, na kila pigo lina vilele vitatu. Ubongo ukiwa na nafasi, kilele cha kwanza ndicho kirefu. Nafasi ikibana, cha pili hukipita. Pigo zima linaweza kupanda juu kupita kiasi huku wastani unapendeza. Halafu kuna mawimbi ya polepole aliyoyaeleza daktari Lundberg wa Sweden mwaka 1960. Yale yanayoitwa mawimbi ya B hurudi kila baada ya nusu dakika hadi dakika mbili. Kwa namba moja kwa dakika utayaonaje? Ni kama kuhesabu daladala kwa kufungua dirisha mara moja kwa saa.

Nikarudia faili zima. Wiki tatu za kuondoa kwenye namba vurugu za vikohozi na za kujigeuza kitandani nazipita, hazina utamu. Pigo la mzee lilipanda juu kweli, na baadaye akawekewa mpira wa kupeleka maji tumboni. Mwezi uliopita programu yangu imeanza kutumika wodini, na yule aliyecheka ndiye anayeomba nimfundishe. Namfundisha. Taratibu.

Vijana wenzangu, tunapenda mno njia ya mkato. Tunajua programu tano, hatujawahi kukaa karibu na kitanda hata kimoja. Acheni! Tazama wimbi. Ukishalitazama, litazame tena, ndipo ushike kibodi.

Misimbo iko tayari, mdogo wangu. Nitumie kwanza mapigo matano uliyoyachora kwa mkono, na uniwekee alama kilele cha pili kilipo.