Mashine ikigoma, usianze na kabureta

Vijana wangu mnaoanza kazi ya boti, nawaandikia kwa sababu wiki hii nimeliona tena jambo lile lile pale Wesha, Pemba. Alfajiri, maji yanapwa, barafu imeshapakiwa, na kijana kavuta kamba mpaka bega limemfa ganzi. Mashine yenyewe ni Yamaha Enduro ya farasi 15, ya zamani, hizi za kuchanganya oili na petroli. Nilipomfikia, kifuniko kiko mchangani na bisibisi imeshaingia kwenye kabureta. Klipu ya ile kamba ya usalama ya mkononi haikuwa imekaa mahali pake, na bila klipu hiyo plagi hazipati moto. Ndiyo iliyomzuia saa nzima.

Simlaumu. Mwaka wangu wa pili baharini tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Misali, kusi linavuma, mashine ikapungua nguvu kidogo kidogo, ikakohoa, ikazima. Nikafungua kabureta pale pale, boti linayumba, jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, ikaniponyoka ikatumbukia kwenye ngama. Tukavutwa na wenzetu mpaka diko. Fundi aliyenilea hakunigombeza. Alishika kifuniko cha tangi, akazungusha skrubu ya hewa, na sote tukasikia tangi likivuta pumzi. Nilikuwa nimeifunga asubuhi wakati wa kubeba tangi na sikuifungua tena. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi hujivuta ndani, na pampu ya mashine haiwezi kushindana nalo.

Tangu siku ile, kabla sijashika spana, nauliza: mara ya mwisho ilizimaje? Ikiwa ilikata ghafla, kama taa iliyozimwa, nashuku umeme. Ikiwa ilikufa kwa kuchechemea, inapanda na kushuka, nashuku mafuta. Ikiwa ilikuwa nzima mpaka mtu alipoifungua, naanza pale pale alipogusa mtu huyo. Na ikiwa ilipata joto kupita kiasi, ikawa nzito halafu ikasimama, sivuti kamba hata mara moja mpaka ipoe. Nikiivuta pistoni ikiwa imeshika, naharibu kilichosalia. Mwenye boti akikuletea mashine, mkalishe chini akusimulie. Maneno yake ya dakika tano yatakuokolea nusu siku.

Kama uko baharini, mashine ingoje. Kwanza chombo. Tia nanga. Ikiwa uko katikati ya mkondo wa Pemba, maji ni marefu, nanga haifiki chini. Funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka omoni, mbele ya boti, ikuwekee uso wa boti kwenye mawimbi. Boti likilala ubavu huwezi kutengeneza kitu.

Halafu pita nje, kwa mkono na kwa jicho. Klipu ya usalama imekaa? Gia iko fri? Skrubu ya hewa ya tangi iko wazi? Mpira wa mafuta umebana pande zote mbili? Ule mpira wa kupampia kwa mkono una mshale, nao lazima uelekee kwenye mashine. Nimeshakuta umefungwa kinyume na mtu aliyebadilisha bomba usiku. Uminye mpaka uwe mgumu. Usipokuwa mgumu kabisa, kuna mahali panavuta hewa, au tangi ni tupu. Ukiwa mgumu halafu ukalegea wakati hujavuta hata kamba, tafuta panapovuja.

Bado? Sasa toa plagi. Hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu plagi ndiyo itakayokwambia twende upande gani. Chukua spana ya plagi ya 21, futa mchanga na chumvi pembeni kwanza ili visiingie ndani, kisha zitoe zote mbili na uzishike zikiwa na alama ya silinda zilikotoka. Zinuse. Plagi iliyolowa na inayonuka petroli inasema mafuta yanafika, tatizo ni moto, yaani cheche ya plagi, au umeijaza mafuta kupita kiasi. Plagi kavu, baada ya kuvuta kamba mara kumi na choki imefungwa, inasema mafuta hayafiki. Plagi yenye matone ya maji inasema jambo jingine kabisa, na hapo usijisumbue na koili, ile inayokuza umeme wa plagi. Nenda moja kwa moja kwenye tangi.

Kuangalia moto, rudisha plagi kwenye kofia yake, ilaze ule uzi wake wa chuma wa kufungia ugusane vizuri na chuma cha mashine, mtu avute kamba. Zigusishwe zote mbili, isiachwe moja inaning'inia, kwa sababu umeme usiopata njia ya kutokea unaweza kuiua CDI, kile kisanduku kinachoongoza moto wa plagi, na hiyo ni pesa nyingi. Weka tangi mbali na ufute petroli iliyomwagika. Cheche ni cheche. Unataka cheche ya buluu yenye mlio. Ya njano, hafifu, haitawasha kitu ikiwa ndani ya silinda. Moja ikitoa moto na nyingine haitoi, zibadilishane nafasi. Ubovu ukihama pamoja na plagi, plagi imekufa. Ubovu ukibaki upande ule ule, angalia kofia, waya na koili.

Zote zikikosa moto, usikimbilie kununua CDI. Huku kwetu chumvi ndiyo adui wa kwanza. Fuata waya wa kuzimia unaotoka kwenye swichi, uchomoe, ujaribu tena. Moto ukirudi, swichi ndiyo iliyooza ndani. Huo ni mtihani tu, msisafiri hivyo, maana mashine haitazimika kwa swichi. Kisha tafuta waya wa ethi uliofungwa kwenye bloku: chini ya boliti yake mara nyingi utakuta unga wa kijani. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka vazelini. Nimezifufua mashine nyingi kwa kipande cha msasa kuliko kwa spea mpya, na nalisema hili kwa vijana kila mara kwa sababu wateja wetu ni wavuvi; kila shilingi wanayotoa bure imetoka kwenye samaki.

Moto ukiwepo na plagi ni kavu, kijiko kidogo cha petroli iliyochanganywa oili, kimimine kwenye tundu la plagi, funga, vuta. Ikishika kidogo ikafa, basi mashine ni nzima na kinachokosekana ni mafuta. Sasa, na sasa tu, ndiyo kabureta ina haki ya kuguswa. Hata hapo usiifumue. Fungua skrubu ya chini ya bakuli, kinga kwenye glasi safi, subiri. Maji hukaa chini ya petroli na utaona mpaka wake wazi, hasa wakati wa masika na madumu yakilala nje. Mafuta yakiwa yametiwa rangi ya chai na kunuka kama rangi ya mlango, yamezeeka, na jeti imeziba kwa gundi yake. Isafishe kwa hewa au kwa uzi laini wa shaba. Usitie sindano, tundu likipanuka, mashine haitakuwa sawa tena.

Ukiwa umeijaza, fungua choki, fungua throtoli yote, plagi ziko nje na klipu ya usalama imechomolewa kusiwe na cheche, vuta mara kumi, kausha plagi, rudisha.

Na kama moto upo, mafuta yapo, na kamba inakuja laini kama unavuta ngoma tupu, chomoa klipu ya usalama, weka kidole gumba kwenye tundu la plagi mwenzio avute. Kidole kisiposukumwa kwa nguvu, ringi au pistoni zimekwisha. Mwambie mwenye mashine ukweli siku hiyo hiyo, usimuuzie plagi.

Oili nayo tusiifanyie makisio. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 400 kwenye lita 20 za petroli. Pima kwa chupa yenye alama. Kuzidisha kunachafua plagi, kupunguza kunaua pistoni.

Ikishawaka, usishangilie bado. Tazama nyuma: lile tundu dogo linatema maji? Lisipotema ndani ya muda mfupi, izime, kwa sababu pampu ya maji haivuti au njia imezibwa na mchanga au plastiki. Likitema, iache iungurume taratibu, rudisha kifuniko, ubane komeo zake. Jioni mkirudi, ioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, chomoa bomba la mafuta mashine ikiwa bado inawaka na kunywa maji, uiache imalize yaliyomo kwenye kabureta mpaka ijizime yenyewe.