Re: Nywila ya WiFi inatosha kulinda kidhibiti cha pampu?

Mkuu, kwa hiyo ESP32 (chipu ndogo yenye WiFi inayoendesha pampu) uliyofunga kwenye kisima kule Mbezi, nywila pekee haitoshi. Anayefungua boksi na kuchomeka waya wa USB ananyonya programu yote. Nilijaribu kwa bodi yangu mezani: dakika chache tu, jina la WiFi ya nyumbani na nywila yake hivi hapa, maandishi ya kawaida, hayajafichwa.

Washa ukaguzi wa sahihi wakati chipu inapowashwa (ikubali programu yenye sahihi yako tu), pamoja na usimbaji wa flashi, yaani kuficha kwa ufunguo kumbukumbu inayohifadhi programu. Ila taratibu! Mipangilio hiyo huwekwa kwa kuunguza fyuzi ndogo za ndani ya chipu, na zikishaungua hazirudi, na ukipoteza ufunguo wa sahihi hutaisasisha tena. Anza na bodi ya akiba. Tafuta chipu toleo la 3 kwenda juu. Za mwanzo kinga yake ilivunjwa 2019 kwa kuyumbisha umeme wake.

Na ile AI uliyoweka ya kusikiliza mtetemo wa mota ya pampu, itoe onyo tu. Umeifundisha umeme ukiwa mzuri. Jioni volti zikishuka mlio unabadilika, nayo itababaika. Kuzima pampu waachie ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) na swichi ya kiwango cha maji.