Buli Lisilo na Kitako

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko nje ya nchi, mwaka wa pili wa uzamivu, anatafiti picha za kompyuta. Siku ya Idi tulipigiana simu ya video nikamwambia anionyeshe hiyo kazi. Kumbe ni buli! Buli la chai, jeupe, akabonyeza kitu likageuka bluu. Anasema tangu Februari anashughulikia mng'ao wake tu. Mimi nimeuza kiwanja kwa ajili ya safari hiyo. Je, huo ni usomi au tunachezewa?
Baba mwenye mashaka, Morogoro

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Unisamehe, nimecheka, maana marehemu mama aliwahi kuniuliza hivyo hivyo. Yeye alikuta fuvu kwenye kompyuta yangu.

Buli hilo si la binti yako. Lina mwenyewe: Martin Newell, aliyekuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1975 alikuwa akitafuta umbo la kujaribia programu zake. Wakiwa wanakunywa chai, mkewe Sandra akampa wazo: si uchukue hili buli? Akalichora kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, kisha akaliingiza kwenye kompyuta kwa namba: tumbo, mrija, mpini, kifuniko. Kitako akakiacha. Buli lenyewe la kauri sasa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya kompyuta kule Mountain View, California, na ni refu kuliko hilo uliloliona, kwa sababu mwenzake Jim Blinn alilifupisha kwenye kompyuta na likazoeleka hivyo.

Kwa nini buli, na si mpira? Mpira ni rahisi mno. Buli lina tumbo lililobinuka, lina mbonyeo pale mrija unapoungana, mpini wake una uwazi, na linajitupia kivuli lenyewe. Isitoshe, kila mtu amewahi kulishika, kwa hiyo kosa linaonekana hapo hapo.

Kuhusu mng'ao, hebu weka buli la kauri karibu na dirisha, kisha sogeza kichwa. Kile kidoa cheupe cha mwanga kitahama nawe. Rangi ya buli haitahama. Kompyuta lazima ivikokotoe viwili hivyo kila kimoja kwa hesabu yake. Njia rahisi ya kukokotoa kidoa hicho ilitolewa na Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, katika tasnifu yake ya 1973 hapo hapo Utah. Alifariki 1975, ana miaka 32. Wanafunzi wa picha za kompyuta hutaja Phong, na wengi hudhani ni jina la ukoo. Ukoo ni Bui. Hesabu yake ni ya kukadiria, inaridhisha macho kuliko inavyofuata fizikia, ndiyo maana bado kuna watu wanaolala na kuamka na mng'ao.

Sasa fuvu langu. Picha za CT skani, kile kipimo cha hospitali kinachoonyesha ndani ya mwili, huja vipande vipande, kama boflo lililokatwa. Niliviunganisha kwa njia ya Lorensen na Cline wa General Electric, ya 1987. Unaigawa nafasi kuwa michemraba midogo midogo, kisha kila pembe kati ya nane unaiuliza: uko ndani ya mfupa au nje? Majibu yanayowezekana kwa pembe zote nane ni 256. Wao waliyapunguza hadi aina 15. Fuvu likatoka na vitobo karibu na jicho. Msimamizi akaangalia, akauliza: ufa huu ni wa mgonjwa au wa programu yako? Nikaduwaa. Wiki tatu sikulala vizuri. Ulikuwa wa programu: kuna majibu ya pembe yanayoweza kuunganishwa kwa namna mbili, na michemraba miwili jirani ikichagua tofauti, kati yake panabaki uwazi. Kasoro hiyo ilishaandikwa tangu 1988. Mimi ndiye sikuwa nimesoma.

Sasa fikiria picha ile ingefika kwa daktari wa upasuaji kabla ya msimamizi.

Kiwanja chako siwezi kukurudishia, Mzee. Ila binti akipiga tena, mwambie awashe taa ya pili upande wa mpini, uone kidoa kinavyozaa mwenzake. Halafu aligeuze buli juu chini, umuulize kama la kwake lina kitako.