Siti ya nyuma kabisa atakaa nani? Majibu kwa wanaotafuta gari la familia

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mdogo ana miaka miwili. Kila siku tunapitia shule kisha mjini, kama kilomita 40 kwenda na kurudi, na Desemba tunakwenda Moshi. Tuna shilingi milioni 18. Mume anataka Toyota Wish kwa sababu ya mafuta, mimi nataka Noah. Nani yuko sahihi?
*Mama wa watatu, Kimara*

JIBU: Mama, anzeni na swali la nani atakaa siti ya nyuma kabisa, na mara ngapi kwa wiki. Mkiwa sita, mtu mmoja atakuwa huko kila siku.

Wish ina milango ya kawaida. Ili mtu apite nyuma lazima siti ya katikati ikunjwe na kusogezwa mbele. Mkifunga kiti cha mtoto upande huo, njia imezibika. Mama mkwe hawezi kujipenyeza huko, na hata akifika magoti yatamgusa kifuani. Huko atakaa mtoto wa darasa la pili au la tatu, na kiti cha mdogo kifungwe upande wa pili. Siti hiyo ikiwa imesimama, buti linabaki la mikoba ya shule tu. Mizigo ya Moshi itapanda juu ya paa.

Noah ina milango ya kusukuma na paa refu. Zipo za siti 8, zenye siti ndefu katikati, na zipo za siti 7, zenye viti viwili na njia katikati yake. Kwenu ya siti 7 ndiyo bora: mtoto anapita mwenyewe bila kumwinua bibi.

Hoja ya mume nayo ina uzito. Kwenye foleni, Noah ya 2.0 iliyo nzima huenda kilomita 8 hadi 9 kwa lita, Wish ya 1.8 huenda 10 hadi 12. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, tofauti ni kama lita 27. Zidisheni kwa bei ya lita mnayonunua leo, kisha muulizane kama fedha hiyo inalingana na usumbufu wa kila asubuhi.

Kuhusu milioni 18: msiimalize yote kwa muuzaji. Tengeni milioni mbili na nusu kwa kubadili umiliki, bima, oili zote, plagi, bushi na pengine tairi nne. Gari la mkononi halikosi mahitaji hayo ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mnatafuta gari la milioni 15 na nusu.

Kwa fedha hiyo mtaonyeshwa Noah nyingi za kizazi cha 2001 hadi 2007. Hizi zina injini ya 1AZ-FSE, ile yenye maandishi D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haioshi vali za kuingizia hewa, basi masizi hujijenga hapo, gari likaanza kutetemeka likisimama na kukosa nguvu kwenye mlima. Pampu yake ya shinikizo kubwa nayo haivumilii petroli chafu. Kizazi cha kuanzia 2007, chenye chesesi (namba ya utambulisho wa gari) inayoanza na ZRR70, kina injini ya 3ZR isiyo na mfumo huo, na ndicho cha kutafuta. Msipoipata Noah hiyo ikiwa nzima, msishuke kwenye Noah iliyochoka kwa sababu tu ni Noah. Tafuteni Toyota Isis ya 1.8: siti 7, milango ya nyuma ya kusukuma, na mlango wa kushoto hauna nguzo katikati, hivyo bibi anaingia bila kujikunja. Isis na Wish za zamani za 1.8 zina injini moja, 1ZZ-FE. Nayo ina lake: baadhi hunywa oili. Iacheni ingurume dakika tano bila kukanyaga, kisha mtu akanyage mafuta ghafla huku mwingine akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka, ondokeni.

SWALI: Nimeambiwa nisinunue gari lenye giaboksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda na puli badala ya gia, lakini karibu kila la siti saba ninaloona ni CVT. Nitapimaje kama ni nzima?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: CVT inauliwa na joto na oili isiyo yake. Gari la siti saba hubeba watu wengi, joto hupanda, na fundi asiyejua akiongeza oili ya giaboksi ya kawaida, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza kwenye puli zake na kuzikwaruza. Mikwaruzo hiyo haiponi kwa kubadilisha oili.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ushike rejeta ithibitike ni ya baridi. Washa, kanyaga breki, peleka D, R, kisha D tena: ikichelewa zaidi ya sekunde mbili au ikipiga teke, ni dalili mbaya. Endesha nusu saa kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wanne ndani, utafute mlima upande taratibu kwa spidi 20 hadi 40. Hapo ndipo CVT iliyochoka hutetemeka, kama unapita kwenye matuta madogo. Mvumo unaopanda na spidi huwa ni beringi. Watu wengi hujaribu gari kwa kuzunguka yadi mara mbili, wakati giaboksi mbovu ikiwa ya baridi hujificha vizuri. Malizia kwa kuliskani, yaani kusoma hitilafu zake kwa kompyuta.

Ukishanunua, weka oili iliyotajwa kwa gari lako: Toyota TC au FE, na kwa Nissan Serena NS-2 kwa kizazi cha C25, NS-3 kwa C26. Kumwaga mara moja hutoa sehemu tu ya oili, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu moja hivi. Kwa foleni na joto letu, badilisha kila kilomita 40,000.

SWALI: Alphard ya 2.4 ninaiona bei ya chini kuliko nilivyotarajia. Niagize Japani au ninunue hapa?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ukiagiza, umri na ukubwa wa injini vinakupiga pamoja. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya 1000 hadi 2000 cc, na asilimia 10 ikizidi 2000. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 gari likipita miaka 8 na 30 likipita miaka 10. Ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujalipa chochote. TRA ina thamani zake za magari, na bei ya risiti yako si lazima ikubaliwe. (Ndugu zetu wa Kenya hawana uchaguzi huo: gari lililopita miaka 8 haliingii.)

Ukinunua hapa, injini ya Alphard hiyo, 2AZ-FE, ndiyo ya kuangaliwa. Nyuzi za bolti za silinda hedi huweza kulegea ndani ya bloku ya alumini, hasa upande wa nyuma unaotazama dereva. Mulika tochi huko: ukiona ukoko mkavu wa kulanti (maji ya kupozea injini), au tanki la akiba limepungua bila kuvuja chini, liache. Kukaza bolti hakusaidii. Kutengeneza ni kufungua hedi, kutoboa na kuweka nyuzi mpya za chuma.

SWALI: Nataka kuinua Wish yangu isiguse matuta tukijaa saba. Niweke spesa, vile vipande vya kuinulia springi, za inchi mbili?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hapana, kaka. Inchi mbili zinapindua pembe ya shafti za mbele, mipira ya kuzuia vumbi inachanika, grisi inatoka na jointi zinaanza kugonga ukikata kona. Anza na springi na shokapu mpya za nyuma, maana za zamani zikilala gari hushuka hata bila watu. Bado likigusa, spesa isizidi milimita 30, kisha ufanye alaimenti siku hiyohiyo.